Betri Haipigi Hodi

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na laptopu mbovu mkononi mkiniuliza, "Cucu, hii bado inaweza kuzaa kitu?", jibu langu mnalijua. Inaweza. Kompyuta iliyokufa ina viungo vingi vilivyo hai kuliko mnavyodhani. Lakini kabla sijawaonyesha pa kuanzia, huwa nawashika mkono na kuwauliza betri iko wapi. Mnacheka. Mnasema cucu, nyanya yenu, ameanza tena. Basi leo nimeamua kuwaandikia kwa nini nauliza hivyo, maana nikisimulia kwa mdomo mnaingia simuni kabla sijafika katikati.

Mimi nilizaliwa Kipkelion, kwa wazazi waliotoka Murang'a wakaja huku kulima mahindi na kufuga ng'ombe. Watu wa Kericho walinijua kama Mama Shiru, fundi wa kompyuta wa ule uchochoro wa nyuma ya soko. Kazi sikuisomea darasani. Nilifunzwa na mzee mmoja wa Kipsigis, Arap Langat, aliyeanza na taipureta, akaingia kwenye redio na televisheni, na kompyuta zilipofika mjini akazifungua vilevile, bila woga lakini kwa heshima.

Heshima yake ilikuwa ya kuchekesha. Akifungua televisheni au skrini ya zamani, zile nene zenye mgongo kama kobe, alikuwa anatia mkono wa kushoto mfukoni. Anafanya kazi na wa kulia peke yake. Mimi nilidhani ni maringo. Siku moja nikamuuliza.

"Mzee, huo mkono mwingine umeficha nini?"

"Nimeficha maisha," akasema. "Stima ikikamata mkono mmoja, itakutupa. Ikikamata miwili, inapita hapa." Akajigusa kifua. "Hiyo skrini hata ukitoa waya ukutani, bado inakungoja. Ni kama ng'ombe amelala. Usifikiri amekufa."

Kutoka siku hiyo nilishona mfuko kwenye kila sketi yangu ya kazi. Wateja waliuliza fundi gani huyu anasimama kama anangoja matatu. Niliwaacha waulize.

Langat hakutupa kitu. Na mimi nikashika tabia hiyo. Kwenye miaka ya karibuni, maofisi na mashule yalipoanza kubadilisha kompyuta kila mara, vitu vilijaa dukani mpaka tukawa tunapita upande upande. Feni ndogo za kompyuta tulizifunga kwenye jiko la makaa, moto ukashika haraka na mama akaacha kupuliza mpaka macho yawe mekundu. Makasha ya chuma tuliyageuza kuwa mashine za kutotoa vifaranga: balbu ndani, feni ya kuzungusha joto, kipimajoto, na bakuli la maji. Laptopu iliyovunjika kioo inaweza kuunganishwa na televisheni na mtoto akasoma. Zile pawa saplai, visanduku vya kugawa umeme ndani ya kompyuta, zinaweza kuendesha taa na redio kwenye banda la kukamulia.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni sumaku iliyo ndani ya hadi diski, kile kisanduku kinachohifadhi kumbukumbu za kompyuta. Ni ndogo, lakini ikibana kidole chako utaita jina la mama yako. Bibi mmoja wa Sigowet alikuja akilia kwamba ng'ombe wake mzuri wa maziwa amekufa, na daktari wa mifugo alipompasua akakuta kipande cha waya kimechoma mpaka karibu na moyo. Waya ilitoka kwenye nyasi alizokuwa anakata na mashine. Nikamfungia sumaku mbili kwenye mdomo wa ile mashine ya kukata nyasi. Aliporudi mjini alikuwa na misumari, pini na vipande vya seng'enge kwenye leso. Akavimwaga juu ya meza yangu mbele ya wateja.

"Mama Shiru, angalia ile kitu ng'ombe yangu ilikuwa inataka kukula!"

Siku hizo hatukumaliza wiki bila mtu wa ng'ombe kuulizia sumaku. Fundi wa kompyuta nikawa daktari wa mifugo.

Sasa nifike kwenye betri.

Nilikuwa na mfanyakazi anaitwa Chebet, msichana mkubwa kutoka upande wa Bomet, aliyemaliza chuo cha ufundi. Nasema mfanyakazi, lakini ukweli ni kwamba mwishowe kazi ngumu zote zilikuwa zake. Macho yangu yalikuwa yameanza kukataa. Chebet alikuwa na mkono mtulivu. Alikuwa anatoa betri za laptopu zilizochoka, anafungua ganda lake polepole kwa kipande cha plastiki, anapima seli moja moja, zile nzima anaziunganisha kuwa taa. Watu wa Soin, kule chini ambako stima ilikuwa bado haijafika kwenye boma nyingi, walizipenda sana hizo taa. Mama anakamua saa za alfajiri na mikono yote iko huru.

Seli ikiwa na kovu, au imevimba, au inapata joto ikiwa imelala tu, Chebet hakuigusa mara ya pili. Aliitia kwenye mchanga.

Mchanga huo tuliuweka kwenye makasha matupu ya kompyuta, moja karibu na mlango, moja kwenye stoo. Langat ndiye aliyenizoesha mchanga tangu enzi za redio. Wateja walidhani tunataka kupanda maua.

Aliyetuletea betri nyingi alikuwa Rotich. Rotich alikuwa mtu wa vyuma kuukuu, anazunguka na pikipiki kutoka Sigowet mpaka Kipkelion akinunua vitu vibovu. Alikuwa mcheshi, mwepesi, mtu wa watu. Na alikuwa na haraka. Kule kwao alikuwa anachoma waya juu ya moto ili apate shaba, na moshi mweusi unaingia kwa majirani. Nilimwonyesha jinsi ya kuchuna waya kwa kisu kilichofungwa kwenye ubao. Akasema kongoi, asante kwa lugha yao, kongoi sana. Kesho yake nikasikia amechoma tena.

Siku ile alikuja mchana, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Mnajua mvua ya Kericho, haikawii. Akashusha katoni kwenye pikipiki.

"Mama Shiru, leo nimekusaidia. Nimeshazifungua mwenyewe. Ni seli tupu."

Nikachungulia. Alikuwa amezifungua kwa bisibisi na nyundo. Nyingine zilikuwa zimebonyea, nyingine ngozi yake imechanika, zote zimetupwa pamoja zikigusana vichwa na mikia.

"Rotich, hizi haziingii humu," nikamwambia. "Ziache hapo nje, mbali na ukuta. Chebet atakuja na mchanga."

"Lakini mvua?"

"Hapo nje, Rotich."

Akaitikia. Wakati huo akaingia mteja na printa, mwingine na simu, Chebet akawa anaandikia mtu risiti, na mimi nikageuka. Rotich hakuwa na nia mbaya. Aliona matone yanaanza, akafikiri vitu vyake vitalowa, akalichukua katoni, akapita nyuma yetu, akalisukuma ndani ya stoo chini ya rafu. Kisha akaenda kujikinga kwa Baba Kamau, jirani yetu.

Baba Kamau alikuwa anauza dawa za mifugo na mitungi ya gesi. Kati ya mitungi yake na stoo yetu kulikuwa na ukuta wa mabati tu.

Mvua ikaja na mawe. Wale mliokulia huku mnajua sauti yake juu ya mabati. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni na usimsikie. Chebet akanionyesha dari kwa kidole. Maji yalikuwa yameanza kuingia upande wa stoo, na kule tulikuwa na mbao za kompyuta, zile sahani zenye saketi, tulizokuwa tumeshazisafisha. Akachukua turubai, akaingia kuzifunika. Akausukuma mlango nyuma yake kwa sababu upepo ulikuwa unaupigapiga.

Sikusikia rafu ikianguka. Nilihisi tu sakafu ikitikisika chini ya viatu vyangu. Ile rafu ilikuwa imebeba skrini za zamani, zile nzito, na mbao zake zilikuwa zimelowa. Iliinama ikaegemea mlango. Na mlango huo ulifungukia ndani.

Nikausukuma. Ukakataa. Nikausukuma kwa bega. Nikaita "Chebet!" na sikusikia hata sauti yangu mwenyewe.

Halafu harufu ikanifikia. Vijana, hii harufu mwishike hata kama mtasahau mengine yote. Si harufu ya mpira unaoungua. Ni tamu. Kama ile rangi ya kucha wasichana wanapaka. Ukiisikia mahali penye betri, usiulize ni nini, toka. Nilitazama chini nikaona moshi mweupe unatambaa kwa chini ya mlango, na ndipo nikajua Rotich alipeleka wapi lile katoni.

Mteja mmoja, mwalimu, alishika ndoo ya maji tuliyokuwa tunakingia dari. Nikamkamata mkono. Stima ilikuwa bado inawaka na sakafu imelowa. Nikakimbilia mainswichi, nikaivuta, stima ikakatika. Mkono wangu wa kushoto, sijui ni nani aliyeukumbusha, ulikuwa mfukoni.

Giza likaingia dukani, la mawingu. Ndani ya stoo nikasikia, au niliona kupitia nyufa, sijui tena, pap! pap! kama bisi kwenye sufuria, na kila mlio una mwanga wake.

Nilitoka nje. Mawe ya mvua yalinipiga kichwani na mabegani, na leo nikijaribu kukumbuka maumivu yake siyapati. Nilimkuta Baba Kamau amesimama mlangoni pake.

"Gesi!" nikamwambia. "Toa gesi!"

Aliniangalia. Akaangalia moshi uliokuwa unapenya kwenye mabati ya ukuta wake.  Alibeba mtungi wa kwanza akautoa kwenye mvua ile, na watu waliokuwa wamejikinga humo wakabeba mingine, wakiikimbiza hadi ng'ambo ya barabara kana kwamba wanabeba watoto.

Rotich peke yake hakubeba mtungi. Alibaki amesimama, mdomo wazi.

"Chebet yuko wapi?" akauliza.

"Humo ndani."

"Na katoni?"

Nikamwonyesha stoo. Akazunguka nyuma ya jengo, mimi nikamfuata. Kule nyuma ukuta wa stoo ulikuwa mabati yaliyopigiliwa misumari kwenye nguzo. Rotich alitia vidole chini ya bati akavuta. Halikutoka. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, ile ile aliyofungulia betri, akaitia chini ya msumari, akainyonga. Msumari mmoja. Mwingine. Bati likamkata kiganja na damu ikawa inaoshwa na mvua kabla haijaonekana. Mimi nilishika pembe ya bati nikaning'inia nayo kwa uzito wangu wote, na Mungu anajua sikuwahi kufurahia uzito wangu kama siku hiyo. Likafunguka.

Moshi ukatoka kwa wingi. Nikaziba pua na leso nikainama.

Chebet alikuwa amelala chini kabisa, uso karibu na sakafu, turubai limemfunika kichwa. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika ukingo wa kasha la kompyuta. Alikuwa amelivuta lile kasha la mchanga kutoka pembeni, akalipindua juu ya katoni. Skrini moja ilikuwa imeliangukia katoni hilo na kulipasua, na seli zilikuwa zinaruka hadi mchanga ulipozifunika. Ya mwisho ilimrukia mkononi.

Rotich alimvuta kwa miguu, mimi kwa koti. Tukamlaza kwenye nyasi, mawe yakimdunda. Alikohoa. Hicho kikohozi ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizosikia katika kazi hii.

Rotich akageuka arudi ndani. Nikamshika ukosi.

"Unaenda wapi?"

"Kuitoa hiyo kitu! Italipuka!"

"Iache chini ya mchanga. Ukiingia, nani atanisaidia kukuvuta wewe?"

Akakaa chini kwenye matope. Alilia kama mtoto, na mvua ikamsitiri.

Mchanga ulishikilia. Moshi uliendelea kutoka mpaka mvua ikakatika, kisha ukawa mwembamba, kisha ukaisha. Rafu iliungua upande mmoja tu. Baba Kamau ndiye aliyempeleka Chebet hospitali kwa gari lake, kiti cha nyuma, mimi nimemwekea kichwa mapajani.

Alilazwa kwa sababu ya mapafu. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kwenye vidole viwili vya mwisho na ubavu wa kiganja. Mama yake alifika kutoka Bomet, mwanamke mrefu wa maneno machache. Nilisimama nimpishe kiti. Hakukaa.

"Wewe ndiye Mama Shiru."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikupatia mtoto akiwa na mikono mbili."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Ya katoni, ya Rotich, ya mvua. Yote yaliniishia. Nikamwambia, "Ndiyo, ulinipa." 

"Akitoka hapa anaenda nyumbani," akasema. "Hiyo kazi ya takataka imeisha."

Chebet alikuwa ameangalia ukuta. Sikubishana. Mama akiwa amesimama kando ya kitanda cha mwanawe, habishaniwi.

Niliporudi dukani Baba Kamau alikuwa ananingoja kwenye ngazi.

"Mama Shiru, mimi na wewe hatuna ugomvi," akasema. "Ile siku ungechelewa kidogo kuniambia, watu wa uchochoro huu wangezikwa pamoja. Sitaki betri nyuma ya ukuta wangu tena. Hata moja."

Nikamwambia hatakuwa nayo. Na sikumwambia kwa mdomo tu. Nyumbani kwangu, nje ya mji, pembeni ya shamba ambako hakuna nyumba wala mti, nilijengesha kibanda cha mawe, mlango wa chuma unaofungukia nje, matundu ya hewa, bila ubao hata mmoja. Rafu zikawa chini kabisa. Kila betri ikafungwa ncha zake kwa selotepu kabla ya kuwekwa. Zilizovimba zikakaa peke yake kwenye mchanga mkavu mpaka watu wenye kibali wa kukusanya taka hizo wapite. Hatuchomi. Hatuzitupi kwenye shimo la choo. Hatuzirushi mtoni, maana mto huo ndio unaonywesha ng'ombe wa yule bibi wa Sigowet.

Nilifanya kazi hiyo peke yangu, na iliniogopesha. Nawaambieni ukweli. Nilikuwa naingia kwenye kile kibanda na kusimama, nikinusa. Kila rangi ya kucha iliyopita karibu nami sokoni ilinishtua. Wateja wa taa kutoka Soin walikuja wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu sikuwa na macho ya kupima seli, na sikutaka mtu mwingine azipime.

Rotich hakuonekana. Walioniuzia nyasi za ng'ombe wangu walisema ameacha vyuma, anachuma chai kwa shamba la ndugu yake huko Sigowet, haongei sana.

Halafu asubuhi moja ya jua nikamkuta Chebet amesimama mlangoni mwa duka. Nyuma yake alikuwa mama yake. Nikawakaribisha chai. Mama yake safari hii alikaa.

"Amenisumbua," akasema. "Kila siku anafungua redio ya jirani. Nimemwambia, basi, twende nione hiyo mahali mwenyewe."

Nikawapeleka kwenye kibanda. Mama aliufungua na kuufunga ule mlango wa chuma mara kadhaa, akiangalia unaelekea upande gani. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Akainama akachota mchanga, akauacha umwagike kati ya vidole aone kama umekauka. Kisha akamgeukia binti yake, akasema naye kwa Kipsigis, polepole. Chebet akatikisa kichwa kukubali. Mama akanikazia macho.

"Mimi nitakuwa nakuja," akasema. "Bila kukuambia."

"Karibu siku yoyote, mama."

Na alikuja kweli. Alikuwa anashuka kwenye gari na kwenda moja kwa moja kibandani kabla hajatusalimia.

Nimestaafu sasa, duka ni la Chebet, na ninyi mkienda kwake mtaona hafungui betri mpaka awe nje kwenye hewa, na hamruhusu mtu yeyote mwenye haraka kukaa kwenye benchi lake. Msimwone mkali bure.

Siku niliyomkabidhi funguo nilikuwepo naye pale kibandani, nimekalia kigoda. Pikipiki ikaja ikasimama mbali, kule barabarani. Alikuwa Rotich, amekonda, ana gunia dogo. Hakulileta karibu. Aliliweka chini kwenye majani mafupi, akaja kwa miguu, akasimama hatua chache kutoka kwetu akiwa amevua kofia.

"Chamgei," akatusalimia.

"Chamgei," Chebet akaitikia.

"Ni betri nimepata kwa watu. Sijafungua. Sijagusa na chuma." Akaizungusha kofia mkononi. "Kama hutaki, nitarudi nazo."

Chebet akalitazama lile gunia kule kwenye majani. Upepo ulikuwa unatoka kwenye mashamba ya chai, na nilimwona Rotich akijaribu kutoangalia mkono wa Chebet, na macho yanarudi pale pale.

"Inaendelea aje?" akauliza mwishowe. "Mkono?"

Chebet akaunyoosha, ule wa kulia, vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Rotich akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa, na hakuuachilia upesi.

"Haya," Chebet akamwambia. "Lete gunia lako. Tutazikagua moja moja, mimi na wewe, hapa juani."